Tivaevae ya Kufia

Mama Akaiti alianza kufa Jumatatu asubuhi, baada ya kunywa chai na kumaliza mkate wote. Alifuta makombo kidevuni, akajilaza, akamwita mke wa mwanawe.

"Tepaeru, njoo. Siku zangu zimekwisha."

"Zimekwisha lini, Mama? Sasa hivi ulikuwa unadai jamu."

"Ndiyo ilikuwa ya mwisho." Akafumba macho. "Niletee ile tivaevae. Nataka kufa nayo juu yangu, na nizikwe nayo."

Tepaeru alibaki amesimama na kikombe mkononi. Ilikuwa wiki ya ukaguzi. Ijumaa wakaguzi wangepita nyumba kwa nyumba hapa kijijini Areora, kama kila mwaka, kutazama vyoo, nyua na mabanda ya nguruwe, na zaidi ya yote kutazama vitanda, maana siku hiyo kila mwanamke hutandika kazi ya mikono yake na kusubiri kusifiwa au kusengenywa. Tepaeru alikuwa hajawahi kushinda chochote. Mwaka huu alikuwa na tivaevae, kitandiko cha viraka vidogo vidogo, kimoja si kikubwa kuliko stempu, maelfu kwa maelfu, vilivyoungwa kwa mkono mpaka vikawa maua mekundu na ya manjano yanayozunguka nyota. Kisiwa kizima cha Atiu kilikuwa kimeshasikia habari zake. Na huku kwetu hata mtoto anajua: tivaevae ikishalazwa juu ya mtu anayekufa imekuwa yake, na itaingia naye kaburini.

"Nitamwita nesi kwanza," alisema Tepaeru.

Nesi alikuja na pikipiki yake, akampima bibi kizee presha, akamsikiliza kifua, akamwangalia ulimi. Alipotoka nje alisema moyo ule unapiga vizuri kuliko wake yeye.

"Umesikia?" Tepaeru alimwambia mumewe jikoni. "Mzima kama chuma."

Mokoroa alikuwa akimenya taro, magimbi ya huku kwetu, na aliendelea kumenya. Ni mwanamume mkubwa, mwenye mabega ya kubeba ng'ombe, na kitu pekee anachokiogopa duniani ni wanawake wawili wakiwa nyumba moja.

"Lakini ni mama yangu," alisema.

"Na tivaevae ni yangu."

"Sijabisha."

"Basi nenda ukamwambie."

Mokoroa aliitazama taro, akautazama mlango wa chumba cha mama yake, akakumbuka kwamba wenzake wanamsubiri kwenye tumunu kule msituni, ambako wanaume hunywa pombe ya machungwa na kusali kabla ya kunywa. Alikwenda kusali.

Sisi majirani tulijua ugonjwa ulikotokea. Jumamosi iliyopita, katibu wa chama cha kina mama alipita kuandika majina ya watakaoonyesha kazi zao. Tepaeru alimwambia, "Andika Tepaeru," basi, akanyamaza. Kwa desturi hakukosea. Vitambaa alinunua yeye, uzi alinunua yeye, na wanawake waliokuja kumsaidia kushona walikula kwake, nguruwe na wali na keki, miezi nenda miezi rudi. Anayelisha washonaji ndiye mwenye mali.

Lakini nani alikata? Nani alipanga? Mama Akaiti hawezi tena kuliona tundu la sindano, ila rangi zote anazo kichwani. Alikaa barazani akavitunga viraka kwenye nyuzi, mstari kwa mstari, kwa mpangilio ambao hakuuandika popote, kila mtungo ukaning'inizwa kwenye msumari wake. Mshonaji kazi yake ni kuchomoa kiraka, kukishona, kuchomoa kinachofuata. Mtungo ukikosewa, ua zima linapinda. Na Jumamosi ile Mama Akaiti alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, akasikia jina likitajwa moja tu. Hakusema neno. Mama Akaiti akinyamaza, watu wenye akili huondoa vitu vinavyovunjika.

*

Jumanne Mama Ngavaine alikuja kutoa pole. Yeye ndiye anayeshinda ukaguzi kila mwaka, na huingia nyumba za watu akitazama kwanza pembe za dari.

"Nimesikia mama yetu anaondoka," alisema, akikaa bila kukaribishwa. "Na nimesikia kuna kitu ameomba."

"Watu wanasikia mengi," alisema Tepaeru.

"Mimi nimewaambia si kweli. Nimewaambia, Tepaeru hawezi kumnyima mama mkwe wake sanda. Labda ni ile roho ya kutaka kushinda, lakini kumnyima hasa, hapana. Nimekutetea sana dukani."

"Dukani?"

"Na kanisani kidogo."

Chumbani, anayekufa alikohoa kikohozi kirefu, cha kupendeza, kilichopanda na kushuka. Mama Ngavaine aliweka mkono kifuani. Tepaeru alihisi masikio yanawaka moto. Aliingia chumbani kwake, akaitoa tivaevae ndani ya shuka jeupe alikoifunga, akamfunika nayo mama mkwe wake mpaka shingoni.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Mama Akaiti kwa sauti ya mtu aliyeko mbali.

"Na wewe pia," alisema Tepaeru, meno yameumana.

Mama Ngavaine alikuwa mlangoni. Macho yake yalipita juu ya maua yale polepole, mstari baada ya mstari, na uso wake ukafanya kitu ambacho hakuupa ruhusa ya kukifanya. Kisha akajirudi. "Maskini. Sasa haitaonyeshwa tena kwa jina lako. Lakini umefanya la maana."

Alipoondoka, Tepaeru alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo, akalia. Macho yalikuwa yamemharibika kwa kazi ile. Vidole vilikuwa vimeota sugu. Mara moja tu alitaka mtu mgeni aingie nyumbani kwake, atazame, aulize ni ya nani, naye ajibu. Hakuwa akiomba kitu kikubwa. Alipomaliza kulia aliosha uso kwa maji ya ndoo ile ile, akamtafuta mumewe.

"Chukua sepetu," alimwambia. "Mama anakufa. Tusije tukaaibika siku yenyewe ikifika."

"Sepetu ya nini?"

"Kaburi halijichimbi."

*

Huku tunawazika watu wetu uani, mbele ya nyumba, ili wasikie kinachoendelea. Mume wa Mama Akaiti yuko pale siku nyingi, chini ya saruji nyeupe, na pembeni yake pana nafasi. Jumatano asubuhi Mokoroa alianza kuchimba huku akijisikia mwizi, na udongo mwekundu ukalundikana chini ya dirisha la mama yake.

Sepetu haikuwa imefika mbali dirisha likafunguka.

"Mokoroa."

"Naam, Mama."

"Unapanda ndizi?"

Mokoroa alimtazama mkewe aliyekuwa akianika nguo. Tepaeru alijibu kwa ajili yake, kwa upole mwingi. "Tunakutayarishia, Mama. Jipumzishe tu."

Bibi kizee alitoa kichwa nje, tivaevae ikiwa mabegani kama joho, akapima kwa jicho. "Sogeza upande wa barabara. Hapo mtanimwagia maji ya vyombo."

"Upande wa barabara kuna mzizi," alisema Mokoroa.

"Basi ukate. Una haraka gani? Mimi ndiye ninayekufa, sina haraka."

Mchana alikuja seremala kupima jeneza. Mama Akaiti alilala kimya, mikono kifuani, akapimwa urefu na upana. Seremala alipokuwa anakunja tepu, jicho moja lilifumbuka. Alimwambia aache nafasi miguuni, maana hawezi kulala miguu imebanwa. Seremala aliandika. Habari hiyo ilifika tumunu kabla yake, na jioni hiyo wanaume walicheka mpaka sala ikasahauliwa.

Tepaeru hakucheka. Alikuwa amedhani sauti ya sepetu itamwamsha mgonjwa, na sasa alikuwa na shimo uani, siku mbili kabla ya ukaguzi, na mgonjwa mwenye hamu kubwa ya kula.

*

Alhamisi ni siku ya kufagia mpaka chini ya kitanda. Tepaeru aliingia chumbani kwa Mama Akaiti na ufagio, na vilevile na hoja aliyoiwaza usiku kucha. Ukutani, chini ya dirisha, palikuwa na sanduku. Sisi sote tumekua tukilisikia sanduku lile. Mama Akaiti alikuwa mkataji mkubwa kuliko wote kisiwani, na kila mtu alijua kwamba kazi zake bora zimo mle, zimekunjwa na karafuumaiti, na ufunguo uko shingoni mwake hata akioga.

"Mama," alisema Tepaeru, "mimi sikatai uzikwe kwa heshima. Lakini una zako. Una sanduku zima. Chagua moja humo, nzuri kuliko zote, nikufunike mwenyewe. Hii niachie mpaka kesho tu."

"Za humo ni za kazi nyingine."

"Kazi gani? Unazitunzia nani?"

"Fagia, mwanangu. Vumbi linanikaba."

Tepaeru aliinama, akakaza mgongo, akashika sanduku kwa mikono miwili alivute kutoka ukutani. Lilikuja lote kwa mara moja, jepesi kama kiti, karibu limwangushe kwa kishindo. Alibaki amelishikilia. Hakuna kilichoteleza ndani, hakuna kilichogonga. Alilirudisha taratibu mpaka likagusa ukuta, kana kwamba anaogopa kumwamsha mtoto.

Kitandani, Mama Akaiti alikuwa anatazama dari.

"Zimekwenda wapi?" aliuliza Tepaeru kwa sauti ya chini.

"Zimekwenda kwa watu."

"Zote?"

"Nyingine yuko nayo baba yake Mokoroa, huko chini. Nyingine walipewa wavulana walipokatwa nywele zao za kwanza. Kila aliyepanda ndege kwenda Auckland, nilimkunjia moja. Wageni wengine waliingia tu, wakasema, Mama, nzuri hii. Sasa mtu akishasema nzuri, utamwacha aondoke mikono mitupu?"

"Wengi wetu tungemwacha."

"Ndiyo maana sanduku lako limejaa." Alivuta pindo la tivaevae kidevuni. "Iliyobaki ni lile blanketi alilonitumia mwanangu Ngere kutoka ng'ambo. Lenye simba. Unataka nikamwone Bwana nikiwa nimefunikwa simba?"

Tepaeru alianza kucheka, akaacha. Alimwona mwanamke huyu aliyevika kisiwa kizima, amelala na ufunguo wa sanduku tupu shingoni, akiogopa siku watu watakapolifungua mbele ya jeneza lake. Alijaribu kuikumbuka hasira yake ya Jumanne. Ilikuwepo, lakini haikumsaidia kitu. Akafagia chini ya kitanda, akafuta kioo cha dirisha, akatoka.

*

Ijumaa wakaguzi walikuja na kijiji kizima nyuma yao, kama ilivyo kawaida, kina mama wamevaa kofia zao nyeupe za kanisani. Mkaguzi mkuu alikuwa mgeni, Mama Teuira, aliyeletwa na ndege kutoka kisiwa kikuu cha Rarotonga, mwanamke mnene mpole mwenye miwani ya kamba. Kwenye ua wa Mokoroa karibu atumbukie shimoni.

"Hili ni nini?" aliuliza.

"La mama," alisema Mokoroa. "Bado hajalihitaji."

Mkaguzi wa nyua aliandika kitu, na kwa jinsi alivyokaza kalamu hakikuwa kizuri. Wakaingia ndani. Chumba kilijaa, wengine wakachungulia dirishani wamesimama juu ya lundo la udongo. Mama Akaiti alikuwa amelala katikati ya maua yake, nywele zimechanwa, amejipaka mafuta ya nazi, uso wa mtu aliyekwisha wasamehe wote.

Mama Teuira alivaa miwani. Alishika pindo, akaligeuza, akatazama upande wa nyuma, akaomba radhi, na wasaidizi wake wakamgeuza anayekufa ubavu ili waone katikati.

"Huku pia tazameni," Mama Akaiti alisema akiwa ameelekezwa ukutani. "Hamtakuta fundo."

"Kabla hatujaandika," alisema Mama Ngavaine kutoka mlangoni, kwa sauti ya kanisani, "mimi nilikuwa na ombi dogo. Tangu tukiwa wasichana tunalisikia sanduku la Mama Akaiti. Leo tuna mgeni mkubwa. Lifunguliwe, naye aone, kabla mama yetu hajatuacha."

Watu wakaitikia, kweli, kweli, lifunguliwe. Mkono wa Mama Akaiti ulitoka chini ya tivaevae ukaenda shingoni, ukaufunika ufunguo, na mara hii haikuwa mchezo. Tepaeru aliuona. Alipita katikati ya watu, akalikalia sanduku, akatandaza gauni lake.

"Halina haja ya kufunguliwa," alisema. "Kilichokuwemo kiko kitandani."

Mama Teuira alitazama karatasi yake. "Hapa imeandikwa Tepaeru. Basi ni ya nani?"

Hili ndilo swali alilolingoja Tepaeru miaka yote ya kushona. Mgeni amesimama nyumbani kwake, amevaa miwani, anauliza.

"Wamekosea. Ni ya Mama. Alikata yeye, akapanga yeye. Mimi nilishona tu."

Kwenye karatasi jina lilikatwa, likaandikwa jingine. Kalamu ilikuwa na mlio, au kwake ilikuwa nao. Mokoroa, aliyesimama na sinia la vinywaji, alimtazama mkewe kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu harusi.

Mama Teuira alirudi kwenye maua. Sasa alikuwa anazungumza mwenyewe. "Nimezunguka visiwa vyote. Nyekundu hii inavyoingia kwenye manjano, sijui umefanyaje, Mama. Ni nzuri. Ni nzuri kupita kiasi. Mtu akilala chini ya hii hata ndoto zake..."

Mama Akaiti aliketi. Aliketi bila kusaidiwa, mgongo umenyooka, akaivuta tivaevae magotini, akaikunja mara moja, akaikunja mara mbili, akamwekea Mama Teuira mikononi.

"Ni yako."

Sinia la Mokoroa lilianguka. Nje, mtu aliyekuwa juu ya udongo aliteleza, na hakuna aliyemgeukia.

"Mama, siwezi," alisema Mama Teuira. "Mimi ni mkaguzi."

"Umeisifu. Ichukue, au unaniambia kazi yangu haifai kubebwa?"

Hakuna mtu wa visiwa hivi anayejua kujibu swali kama hilo. Mama Teuira aliikumbatia tivaevae, machozi yakaingia kwenye miwani, akambusu bibi kizee mashavu yote mawili. Na kwa kuwa mkaguzi hawezi kuipa zawadi mali yake mwenyewe, jina la Mama Akaiti nalo likakatwa, na ushindi ukaenda kwa Mama Ngavaine, kama mwaka jana na mwaka juzi.

*

Karamu ilikuwa ukumbini. Mama Akaiti alikwenda kwa miguu yake, akakaa mbele ya sahani ya nguruwe na taro na majani yake kwenye tui, akala. Tepaeru alikaa kando yake bila kugusa chakula. Hasira ilikuwa haijamtoka.

"Ulijua si yako," alisema.

"Ulisema mbele ya watu ni yangu."

"Nilikuwa nakuficha aibu, Mama."

"Najua. Ndiyo maana niliitoa haraka, kabla hujabadili mawazo." Alimeza, akafuta vidole, na aliposema tena sauti yake haikuwa na utani. "Nilikuwa ninakufa kweli, mwanangu. Miaka sasa hakuna mtu aliyetoka mlangoni kwangu na kitu mkononi. Unakaa tu, unalishwa, unaogeshwa, unaambiwa asante Mama, na hujafanya lolote la kushukuriwa. Hujui jinsi ilivyo. Leo nimempa mtu kitu. Nilie nini? Nizikeni na simba."

Tepaeru alichukua kipande cha taro kwenye sahani ya mama mkwe wake, akakila.

Hapo ndipo Mama Ngavaine alipofika mezani, tivaevae yake iliyoshinda imekunjwa mkononi, maana iliyoshinda hubebwa ukumbini watu waiguse. Alikuwa ameshapokea pongezi za meza zote na alikuwa amebakiza hii.

"Pole, mwenzangu," alimwambia Tepaeru kwa huruma iliyosikika mpaka jukwaani. "Kazi yote ile, na jina hakuna, na kitu chenyewe hakuna. Lakini angalau umependeza. Kofia yako leo ni nzuri kweli."

Tepaeru alishika ukingo wa kofia. Aliisuka mwenyewe, kwa majani machanga ya mnazi, na hakuwa na nyingine. Pembeni yake Mama Akaiti aliacha kutafuna. Tepaeru aliivua, akasimama, akamvalisha Mama Ngavaine juu ya kofia yake mwenyewe.

"Ni yako," alisema.

Mama Ngavaine alisimama na kofia mbili kichwani, mdomo wazi, uso wa mtu aliyezabwa kofi na hana wa kumshtaki. Amepewa mbele ya kijiji, mbele ya mgeni wa Rarotonga, na aliyepewa hivyo hawezi kuwa mnyimi, na alichokuwa nacho mkononi kilionwa na kila mtu. Tepaeru alihisi upepo kwenye nywele zake, na ndani ya kifua kitu kitamu ajabu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia habari zake. Alimgeukia mama mkwe wake. Mzee alikuwa anatazama sahani, mabega yanatikisika.

Kisha Tepaeru akanyoosha kidole, akaigusa tivaevae ya Mama Ngavaine pale kwenye kona, kwa upole kabisa.

"Na hii yako, mwenzangu," alisema, akipaza sauti kidogo ili na Mama Teuira asikie. "Ni nzuri. Ni nzuri kupita kiasi."